Usiutupe Mkanda wa Zamani

Nairobi,
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Naiweka hapa juu mapema, maana nikiichelewesha mpaka mwisho huenda usiwe tena na moyo wa kuniitikia. Habari za Buzebazeba? Miguu ya Mama inaendeleaje, bado anajipaka mawese ya moto na kukataa kwenda hospitali? Mwanao Tatu ameota meno mangapi, na Shemeji Idi bado anagombana na jirani kwa ajili ya yule mbuzi? Mimi huku mwili ni mzima. Kikohozi cha baridi kilinishika kikaniachia, na chakula kipo, ingawa tangu nije sijaonja mgebuka hata siku moja. Samaki wanaouzwa hapa wamesafiri kunizidi mimi.

Barua yako niliipata kwa yule mama wa Gungu anayekuja kuchukua vitenge, naye ndiye aliyeibeba hii. Umesema mkanda wa cherehani umelegea, umeukata na kuuunga mara mbili, na sasa unateleza kila ukishona kitambaa kizito. Umeomba nikutafutie mpya ili huo wa zamani uutupe. Mpya nimeutia kwenye kifurushi, ni wa ngozi nzuri, nimeujaribu mwenyewe hapa kazini. Lakini wa zamani usiutupe, Dada. Nakusihi. Uviringishe uuweke mahali, halafu uisome barua hii mpaka mwisho ukiwa peke yako. Mama asisomewe kwanza. Ukishaimaliza, wewe ndiye utakayeamua nani aisikie.

Najua unasema moyoni, Sudi ameanza vituko vyake. Laiti vingekuwa vituko.

Karibu na karakana tunamoshona sare za shule kuna ukumbi wa maktaba. Kila Jumamosi asubuhi mwalimu mmoja mstaafu, mama mtu mzima ambaye mguu wa miwani yake umefungwa kwa uzi, anafundisha falsafa bure kwa yeyote atakayeketi. Mimi nilidhani falsafa ni maneno ya watu walioshiba. Siku ya kwanza niliingia kukwepa mvua. Nikawakuta watu kama kumi na wawili: walinzi, mafundi, muuguzi mmoja, na wakimbizi kadhaa wa Kongo na Burundi ambao wamefika huku kwa njia zao. Siku hiyo Mwalimu alikuwa akiuliza kama benchi tulilokalia lingekuwepo hata kama pasingekuwa na mtu wa kuliona. Mlinzi mmoja akajibu kwamba benchi lisipokuwepo, yeye anaomba alipwe kwa kusimama. Tukacheka, nami nikaamua kurudi.

Wiki iliyofuata akauliza utajuaje kama jirani yako anaumwa jino kweli, na wewe unachokiona ni shavu tu, maumivu yake huyaoni. Niliitembeza hiyo kichwani wiki nzima huku nikishona vifungo. Halafu ikaja Jumamosi ya kujua na kuamini. Alisema mtu hawezi kusema anajua jambo mpaka liwe la kweli, na yeye mwenyewe awe analiamini, na awe na sababu nzuri ya kuliamini. Tena akasema hata hayo yote wakati mwingine hayatoshi, kwa kuwa mtu anaweza kupatia kwa bahati tu. Akatutaka kila mmoja atoe mfano wake wa kitu alichokiamini kwa sababu nzuri, kisha kikawa si kweli.

Mimi nilinyoosha mkono wa kwanza, kiherehere changu unakijua. Nikawapa kisa cha Ramadhani ile niliposikia adhana ya magharibi kwenye redio, nikala tende tatu na kunywa uji, na wewe ukanivuta sikio mpaka nje ukanionyesha jua bado limekaa juu ya milima ya ng'ambo ya ziwa. Nikawaeleza kwamba adhana ile ilikuwa ya Dar es Salaam, ambako jua huzama mapema, na kwetu Kigoma anayefuturu kwa redio ya pwani amekula mchana. Darasa zima lilicheka, Mwalimu akasema ni mfano mzuri kuliko aliokuja nao. Nikakaa nimejaa majivuno.

Akafuata mtu aliyekuwa nyuma yangu, jina lake Alimasi, Mbembe wa Fizi, huko Kongo. Alisema yeye atatoa mfano wa mtu mwingine. Miaka ile vita vilipowamwaga watu kutoka ng'ambo, yeye alipelekwa kambini, bara huko, na kwenye kitanda jirani na chake alilazwa mfanyabiashara wa dagaa aliyekuwa na homa na kidonda cha mguu. Mtu huyo alisema kila siku kwamba yeye si mkimbizi, ni wa Ujiji, ana mke. Hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa kila aliyetaka kutoka alisema yeye ni wa Ujiji. Basi Alimasi akapanda lori la kuni akatoroka kwa siku mbili kupeleka ujumbe wake. Akafika Ujiji, mtaa wa Buzebazeba, kwenye nyumba yenye mlango wa buluu na jiwe la kusagia lililopasuka barazani. Akatoka kijana, akamwambia mtu huyo amekufa na wamemzika wenyewe.

Dada, mlango ni wetu. Jiwe ni lile alilolipasua Baba. Kijana ni mimi.

Sikugeuka. Ndevu zimeniota tangu wakati ule na nimenenepa kidogo, nikajificha humo ndani ya ndevu kama mtoto anayejificha nyuma ya pazia na miguu inaonekana.

Sasa nikurudishe ufukweni Kibirizi, siku ile ambayo hukuiona, uliyoijua kwa maneno yangu tu. Rajabu, mumeo wa kwanza, alikuwa amekwama ng'ambo wiki tatu, na mitumbwi ilikuwa ikiingia imejaa watu mpaka maji yanagusa ukingo. Wavuvi wakaleta maiti. Mama akanituma mimi, mwanamume pekee nyumbani, nikaangalie. Nilipofika walikuwa wameilaza kwenye mchanga karibu na vichanja vya dagaa, usoni wameifunika mkeka. Kilichokuwa wazi ni kifua na mikono. Nikaona shati la kahawia, na begani kiraka ulichokishona kwa uzi wa kijani wa nyavu, ule mshono wako wa kurudi nyuma mara mbili kila baada ya hatua tatu. Mshono ule ningeutambua gizani. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Mzee Songoro, muosha maiti, unaukumbuka utaratibu wake, hamziki mtu aliyetoka majini mpaka ndugu aulizwe mara tatu. Akaniuliza kama namjua. Nikasema namjua. Akaniambia, "Sogea, nifunue umwone." Nikasema hakuna haja, shati ni lake. Akauliza mara ya pili na ya tatu, nami nikajibu vilevile, na kila nikijibu nilikuwa narudi nyuma hatua moja. Niliogopa, Dada. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sijawahi kuona uso wa mtu aliyekufa maji. Aliponitaka nishike kata ya kuoshea nikasema nakimbia kuwaita wazee, nikarudi akiwa ameshavishwa sanda.

Shati nililijua. Mtu sikumjua.

Ukaniuliza uani, mbele ya wanawake wote, kama niliuona uso wake. Nikakuambia nimeuona, umetulia. Neno hilo ulilishika. Nilikusikia ukiwaambia waliokuja kukupa pole, "Sudi amemwona, uso umetulia," ukapata usingizi kwa neno hilo. Sikuwa na neno lingine la kukupa na lile halikuwa langu kutoa.

Ukaingia eda. Ukakaa chumba cha ndani, hutoki, huonani na mwanamume asiye maharimu wako, na kila aliyebisha hodi alipokewa na mimi. Nilikuwa mlinzi wa mlango wako na nikauona ni heshima kubwa. Wiki ya tatu, asubuhi, wewe ukimchambulia Mama mchele, akaja Alimasi. Mwembamba, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaniambia kwa Kiswahili chao cha ng'ambo, "Rajabu iko muzima, lakini iko mugonjwa sana. Ananituma kwa muke wake."

Nikamjibu kwamba huyo tumemzika. Wakati ule, unakumbuka, walipita watu wengi na habari za waliopotea, wanakula, wanapewa nauli, kisha habari zote zinakuwa hewa. Nilikuwa na sababu nzuri. Hata Mwalimu angeipokea sababu yangu. Nikamwambia aende zake, tena kwa sauti ya chini ili usisikie.

Hakubishana. Alitia mkono kwenye mfuko akatoa mkanda wa ngozi, mpya, umeviringishwa na kufungwa kwa uzi. Akasema Rajabu alimwahidi mkewe mkanda wa cherehani kabla hajavuka ziwa, na kwamba hakuutupa mkanda huu hata alipotupa mzigo wote.

Habari ya mkanda tulikuwa tunaijua watu watatu tu: wewe, yeye, na mimi niliyekuwa nimekaa pembeni siku anakuahidi. Hakuna tapeli angeijua. Hapo ndipo nilipopaswa kugeuka nikuite. Sikugeuka. Nikikuita, ungejua kwamba sikuufunua mkeka. Nikaupima uwongo wangu na mtu aliye hai, nikauchagua uwongo. Nikanyoosha mkono, nikaupokea mkanda, nikafunga mlango.

Na wewe nikakuambia nini? Nikakuambia nimeununua sokoni Mwanga ili ukitoka eda ukute cherehani inafanya kazi. Ulinishukuru mpaka ukalia. Ukasema hujapata kuwa na ndugu kama mimi. Miaka yote hii, kila gauni, kila sare, kila nguo ya harusi iliyotoka kwenye cherehani yako, imezungushwa na mkanda wa Rajabu, na wewe umekuwa ukimwombea dua mnunuzi asiyekuwepo.

Turudi darasani. Alimasi alipomaliza, watu wakaanza kubishana juu ya kijana wa mlangoni. Mlinzi akasema kijana yule alikuwa mjinga. Muuguzi akamtetea, akasema mtu amezika kwa mkono wake, utamlaumuje? Mwalimu akauliza: kijana yule alijua, aliamini, au alidhani tu? Hakuna aliyenitazama mimi na nilihisi kila mtu ananitazama. Alimasi akasubiri wakanyamaza.

"Mwalimu," akasema, "miye nimefikiri miaka yote. Mudomo wake ulisema Rajabu amekufa. Lakini mukono wake ulipokea mukanda. Mutu anayesadiki kwamba mwenzake amekufa hapokei zawadi yake."

Mwalimu alivua miwani. Halafu akasema tuliuliza utajuaje yaliyo moyoni mwa mwingine, na huyu ametujibu. Somo likaishia hapo.

Jumamosi iliyofuata sikwenda, nikajiambia nina kazi nyingi. Iliyofuata tena sikwenda. Ya tatu nikaenda mapema, nikamkuta Alimasi anapanga mabenchi. Nilimwambia kwamba kijana yule ni mimi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kofi, na nadhani ningelishukuru.

Aliweka benchi chini. "Tangu kisa chako cha redio nilikuwa nakudhania," akasema. "Sasa ndiyo najua."

Akanikalisha akanieleza yote, na ninakuandikia kama alivyonieleza. Siku vita vilipofika pale Rajabu alipokuwa ananunua dagaa, watu walikimbilia ufukweni usiku kucha na mvua ikawanyeshea. Kulikuwa na mtu anatetemeka, hana nguo juu. Rajabu akavua shati lile la kiraka chako akampa, yeye akabaki na koti. Mtu yule akapata nafasi kwenye mtumbwi uliotangulia, nao ulizama. Jina lake Rajabu hakuliuliza. Yeye alipanda wa pili, wakatia nanga kusini ya mji wetu akiwa hajitambui kwa homa, akapakiwa kwenye lori pamoja na wengine wote. Alipopata fahamu, ili atoke alihitaji mtu mmoja tu wa kusema "namjua huyu". Neno hilo nilikuwa nimeshalitumia Kibirizi kwa mtu mwingine.

Nikamuuliza alimwambia nini Rajabu aliporudi. Alimasi akainamisha kichwa, akasema hakuweza kumwambia kwamba kwao ameshazikwa. Alimwambia mkanda umefika, mke ameupokea na amefurahi sana, njia ikifunguka atakuja. Rajabu akataka kujua kama ulilienea gurudumu. Alimasi akasema umeenea sawasawa. Rajabu alifariki siku kumi na moja baadaye. Alimasi alikuwepo, alimwosha. Nikamwuliza kama uso ulikuwa umetulia, akaniangalia, akasema ulikuwa umekonda, macho hayakufunga vizuri, ilibidi ayashike. Nimekuandikia hivyo kwa sababu nimekula kiapo kwamba sitakupa tena uso nisiouona wala wa kubuni.

Kuhusu ndoa yako usiwe na wasiwasi. Nilimwendea sheikh mmoja wa hapa nikamweleza bila kutaja majina. Rajabu alifariki wewe ukiwa bado ndani ya eda ile, na Shemeji Idi alikuposa mwaka na zaidi baadaye. Ulikuwa mjane kweli, na Tatu ni mtoto wa ndoa halali. Sheikh alisema hivyo bila kusita. Nami nilitoka pale nimefurahi nusu dakika, halafu aibu ikanirudia, kwa kuwa mambo yako yamenyooka kwa bahati tu. Mimi nilikuambia umefiwa wakati bado una mume. Wiki zile za mwanzo ulikuwa umevaa nyeupe kwa ajili ya mtu aliyekuwa anauliza habari za gurudumu la cherehani yako, na siku moja ya lori ndiyo iliyokutenga naye. Ungeweza kufika. Ungemshika mkono.

Sitakuambia nilikuwa mdogo. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo mara mbili na nimeifuta mara mbili. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo kimeniumbua kikiwa cha mtu mwingine.

Kaburi lake liko kambini, safu ya tatu ukitokea njia ya bomba la maji, kichwani kuna jiwe jeupe ambalo Alimasi alilichora herufi R kwa msumari. Ramani amenichorea, imo ndani ya kifurushi chini ya mkanda mpya. Ukitaka kwenda, nipe siku, nitakuja nikupeleke. Ukitaka kwenda na Shemeji bila mimi, hilo nalo nitalielewa.

Na lile kaburi la Ujiji, ambalo kila sikukuu ya Idi unalipalilia, usiliache. Aliyelala pale ana watu wake ng'ambo wanaomngoja mpaka leo, na huenda wapo waliokwisha kupewa uwongo kama wangu. Wewe ndiye ndugu pekee aliyempata. Nimemwandikia Mzee Songoro barua yake mbali, nimemweleza kwamba mara zote tatu nilimjibu uwongo. Hiyo ipo wazi, isome kabla hujampelekea.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri, hilo ni kweli. Msalimie Shemeji Idi, mume wako, aliyenifanyia wema ambao sikuustahili, naye akiniuliza mambo haya nitamjibu uso kwa uso. Nisalimie shangazi yetu wa Gungu aliyekaa nawe eda yote bila kwenda kwake. Tatu mbusu tu, yeye bado hana deni la kumsikiliza mjomba.

Sasa mkanda. Mpya ni wangu, nimeununua kweli, dukani, kwa mkono huu. Wa zamani ni wa mumeo, aliuvukisha ziwa, na ulifika. Nimekucheleweshea tu kukuambia nani aliuleta. Kama hutanijibu barua hii, nitajua sababu, wala sitadhani. Ila ukiweza jambo moja, utakapoufungua huo wa zamani kutoka kwenye gurudumu, uushike kidogo mkononi kabla hujauviringisha. Ni hapo mlangoni ulipopaswa kuushika.

Ni mimi mdogo wako, niliyesimama mlangoni,

Sudi